Risasi Iliyofungwa Kwenye Kitambaa

Wapendwa, mwenye kusinzia asinzie sasa hivi, maana nikishaanza mfano huu sitaki kuona kichwa kimeinama. Leo nawapeleka porini, kwenye kambi ya wawindaji wenye vibali. Nawakalisha kwenye kibanda kidogo cha bati, mahali ambapo mtu mmoja alikuwa akijaza risasi.

Ndiyo, kujaza risasi. Bunduki ikishapigwa, ganda la shaba linabaki. Mtu yule aliyaokota maganda, akayasafisha, akayapitisha kwenye kalibu ya chuma ili yarudie umbo lake, kwa sababu moto wa baruti huwa umeyatanua. Halafu akatia baruti mpya na kichwa kipya. Ni kazi ya mkono na jicho, hakuna mashine kubwa pale. Aliifanya miaka kumi na tisa. Kambi nzima ilimwita Fundi, na jina lile lilimkaa vizuri, labda vizuri kupita kiasi.

Rafiki yake mkubwa alikuwa mwindaji wa kambi hiyohiyo, yule anayewatangulia wageni porini na kuwalinda. Walikuwa watani. Makabila yao yanataniana tangu enzi za babu zao, na nyinyi mnaujua utani wetu. Mtani atakuvua kofia barabarani na huruhusiwi kununa. Atakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako, na wewe ucheke. Mwezi mmoja kabla ya haya ninayowasimulia, mwindaji alifunga, mnisamehe kwa neno hili madhabahuni, mavi makavu ya nyati kwenye kitambaa. Akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili mbele ya watu wote: "Mtani, pokea tumbaku ya mjini." Kambi ilicheka siku tatu.

Basi Jumatatu moja, watu wakiwa kwenye ugali wa mchana, mwindaji akasema, "Mtani, risasi zako zina kiburi kama wewe. Hazitaki kuingia kwenye chemba. Nasukuma komeo, halifungi."

Watu wakacheka. Fundi akajibu, "Osha bunduki yako. Nyinyi hata miguu hamuoshi, sembuse chemba!"

Wakacheka zaidi. Lakini safari hii mwindaji hakucheka. "Nimeiosha mara mbili," akasema. "Na risasi za kiwandani zinaingia bila taabu. Zako, katika kumi, tatu zinagoma."

Hebu tusimame hapo kidogo. Chemba ni tundu la bunduki ambamo risasi inakaa, na komeo ndilo linaloifungia humo. Kama bunduki ni safi, na za kiwandani zinaingia, kosa limebaki wapi? Mtoto wa darasa la tatu angetoa jibu. Fundi naye alilijua. Alisikia kitu kimemchoma ndani, palepale, tonge likiwa mkononi. Lakini mpishi alikuwa anamtazama, madereva wanamtazama, meneja amekaa mwisho wa meza. Miaka kumi na tisa, leo aambiwe hajui kujaza? Akasema, "Basi zinaogopa sura yako," akainuka kwenda kunawa.

Alasiri mwindaji akapita kibandani peke yake. Akaweka juu ya meza kitambaa kidogo kilichofungwa fundo. "Mtani, ukipata nafasi, ukiwa peke yako, fungua hiki."

"Tumbaku tena?"

"Wewe fungua tu."

Akaenda zake. Fundi akakitazama kile kifurushi, akatabasamu, akakitupa juu ya rafu. Hanipati mara mbili huyu, akajisemea.

Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Alhamisi asubuhi mgeni mmoja akampiga nyati vibaya, nyati akaingia na jeraha lake kwenye vichaka vya mtoni, karibu na pale wanawake wa kijiji wanapochota maji. Na sheria ya wawindaji ni moja: nyati aliyejeruhiwa haachwi. Risasi za kiwandani zilikuwa zimekwisha, na gari lililokwenda kufuata nyingine lilikuwa halijarudi. Mwindaji akaja kibandani mbio, na nyuma yake mfuata nyayo, mgeni, na meneja.

"Mtani," akauliza, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe, "kile kitambaa ulikifungua?"

Jicho la Fundi likakimbilia kwenye rafu. Kitambaa kilikuwa palepale, fundo lake halijaguswa. Kusema "bado" lilikuwa neno moja tu. Kusema "nipe dakika tano nizijaribu kwanza" zilikuwa dakika tano tu. Lakini meneja alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni.

Fundi akasema, "Nilikifungua. Nimesharekebisha. Hizi nimezitazama moja moja."

Ah, ndugu zangu! Mngeuona uso wa mwindaji ulivyochanua. Akamshika Fundi bega, akamwinamia sikioni: "Nilijua utaelewa. Ndiyo maana sikutaka kusema mbele za watu." Akajaza mkanda wake wa risasi, akatoka.

Fundi alimtazama akishuka kilima kuelekea mtoni. Mara mbili alifungua mdomo amwite. Mara mbili akajiambia, saba katika kumi zinaingia. Saba katika kumi! Si ndivyo tunavyojitetea hata sisi?

Saa sita walirudi wamembeba kwenye turubai. Mfuata nyayo alikuwa analia kama mtoto huku anaeleza. Nyati alitoka kichakani ghafla. Mwindaji akapiga risasi ya kwanza, ikampata, lakini nyati hakuanguka. Akasukuma ya pili, komeo likakwama. Akalipiga kwa kiganja, likakataa. "Na neno lake la mwisho," mfuata nyayo akasema, "alisema, 'Haiwezekani, mtani amezitazama.'"

Fundi alisikia kila neno. Hakuna aliyemgeukia, hakuna aliyemshuku. Afadhali wangemshika shati.

Wakamzika Ijumaa. Sasa, kwenye msiba wetu mtani ana kazi yake. Yeye ndiye anayechangamsha wafiwa. Ataruka kaburini amzuie maiti asilale, atamwambia amka mvivu, mbona unakimbia deni la kuku wangu? Watu wanalia na kucheka kwa pamoja, na mzigo unapungua. Siku ile kila jicho lilimtazama Fundi. Yeye alisimama ukingoni mwa kaburi kama nguzo.

Mjane mwenyewe akamwita, "Shemeji, mbona umenyamaza? Mtanie mwenzio. Alikuwa anapenda sana maneno yako."

Fundi akafungua mdomo. Likamjia lile neno moja tu, "bado", na hilo asingeweza kulisema pale. Akafunga mdomo. Akina mama wakasema, masikini, jinsi alivyompenda. Na kweli alimpenda, wapendwa. Hilo ndilo linaloniuma mimi katika mfano huu. Hakumchukia hata siku moja.

Kesho yake asubuhi akaingia kibandani, akashusha kitambaa kutoka kwenye rafu, akafungua fundo. Ndani mlikuwa na risasi moja, nyeusi, imepakwa masizi ya koroboi. Wenye kazi yao wanajua maana yake. Risasi ikigoma, unaipaka masizi, unaiingiza taratibu, unaitoa. Pale inapobanwa, masizi yanafutika. Fundi akaigeuza mwangani. Begani mwa ganda, pale linapoanza kuwa jembamba, palikuwa na duara dogo la shaba linalong'aa.

Na njia ile ya masizi, nani alimfundisha mwindaji? Ni Fundi mwenyewe, mwaka wao wa kwanza kambini.

Akaikagua kalibu. Skrubu yake ilikuwa imelegea, kwa hiyo maganda hayakuwa yanabanwa hadi mwisho. Akaizungusha robo mzunguko, akaikaza. Akajaza risasi kumi. Akaichukua bunduki ya marehemu, akazijaribu zote kumi, moja baada ya nyingine, na mara zote kumi komeo lilifunga laini kabisa. Akazipanga kwenye boksi. Halafu akabaki amesimama katikati ya kibanda na boksi lake mkononi, hana wa kumpa.

Sasa msimhukumu haraka, maana yule mtu ni sisi.

Mtu akituambia kuna mahali tunakwama, jibu letu liko tayari mdomoni: osha bunduki yako kwanza. Mke akisema, tunamtafutia kasoro zake. Mtoto akisema, tunamwambia adabu huna. Na wako wanaotupenda kiasi kwamba hawataki kutuaibisha. Hawasemi kwenye kikao. Wanakuja taratibu, saa ambayo hakuna mtu, wanaweka kitambaa mezani, wanaondoka. Sisi tunakitupa kwenye rafu. Na wakirudi kuuliza, je, ulitazama? tunasema, nimetazama, nimesharekebisha. Nao wanatuamini! Wanakwenda na neno letu mahali ambako litajaribiwa, na sisi hatutakuwepo.

Wewe mama wa kiti cha nyuma, nani alikuja kwako juzi akaongea kwa sauti ya chini? Wewe kijana uliyeegemea dirisha, ni ujumbe gani umeuacha kwenye simu bila kuusoma kwa sababu unajua utakachokikuta?

Nami msidhani nasimama hapa nimeoga. Kabla ya Pasaka, mzee mmoja wa kanisa hili aliniletea bahasha. Alikuja nyumbani, akaniambia, "Mchungaji, uisome ukiwa peke yako." Jumapili iliyopita, pale mlangoni, aliniuliza kama nimeisoma. Nikamwambia ndiyo, nimeisoma, nimeishughulikia.

Iko kwenye droo, haijafunguliwa. Na yeye amekaa hapa, benchi la tatu, na sasa hivi ananitazama.

Mzee wangu, nisamehe. Mwinjilisti ataongoza wimbo. Mimi natoka kwenda kuifungua.