Sakafu ya Raushan

Chawa hatoki porini kuja kumuuma mtu; huishi kwenye mshono wa shati lake. Ndiyo maana wahenga walituonya kwamba adui wa kutafutwa kwanza ni yule tuliyemvaa. Kila mtu anayajua maneno hayo. Kuyatii ndiyo kazi.

Raushan alikuwa mhandisi katika kituo kimoja nyikani Kazakhstani, ambako watu walijaribu kuwasha moto kama wa jua ndani ya chombo cha chuma. Sumaku ziliushika moto ule ukaelea katikati bila kugusa kitu. Chini yake palikuwa na sakafu ya kupokea majivu na joto lililomwagika, na sakafu hiyo ilikuwa ya Raushan. Aliitandika vigae vya tangisteni, metali inayochelewa kuyeyuka kuliko zote, akaipenda kama mama anavyompenda kifungua mimba wake.

Vuli ile moto ukaanza kufa. Uliwaka vizuri, kisha ghafla ukapoa na kuzimika kama mshumaa uliopulizwa. Raushan hakusita kumtaja mkosaji: Temirkhan, fundi wa pampu, ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha hewa ya nje haipenyi ndani. Wawili hao walikuwa paka na panya kwa miaka mingi.

"Pampu zako zinakoroma kama mzee aliyeshiba nyama ya farasi," alimwambia mbele za watu.

"Zinakoroma, dada, lakini hazivuji," Temirkhan akajibu. "Uulize huo moto wako umelishwa nini."

Kuanysh, mkuu wa kituo, alimwamini Raushan. Akatangaza kwamba Jumatatu Temirkhan ataondolewa kazini, na mtu mwenyewe alibakiza mwaka mmoja tu astaafu. Kwenye chai ya siku hiyo Raushan akamjazia Temirkhan kikombe hadi ukingoni. Kwao, mgeni anayependwa hutiliwa chai kidogo kidogo, ili arudishe kikombe tena na tena. Kikombe kilichojaa maana yake kunywa uende zako. Temirkhan akanywa yote, akaondoka.

Raushan alitaka ushahidi wa kummaliza kabisa. Kila kitu kikiungua hutoa rangi yake, na yeye ndiye aliyesimamia chombo cha kusoma rangi za moto. Akatafuta rangi za hewa. Hazikuwepo. Akatafuta tena, akasonya. Ndipo alipotazama rangi ambazo hakuwahi kujisumbua nazo, za tangisteni, akaziona zikipanda kila mara moto unapokaribia kufa. Tangisteni ni nzito. Chembe zake chache tu zikifika katikati ya moto, hulinyonya joto na kulitupa nje kama mwanga. Sakafu yake ilikuwa ikimomonyoka, na vumbi lake ndilo lililoua moto.

Hakuna mwingine aliyesoma rangi zile. Angenyamaza, Temirkhan angeondoka, naye angeitengeneza sakafu kimyakimya majira ya baridi. Wengi wetu tungenyamaza.

Jumatatu aliingia kwa Kuanysh na kumkuta Temirkhan akikabidhi funguo.

"Pampu hazivuji," alisema. "Ni sakafu yangu. Fungueni chombo niingie."

Kilipopoa aliingia mwenyewe, akatambaa na kupapasa vigae. Kimoja kilijitokeza juu ya wenzake kwa unene wa ukucha. Alikibadilisha kwa mikono yake kiangazi kilichopita, na hakupima, kwa kuwa aliiamini mno mikono hiyo. Joto lililopaswa kuteleza juu ya sakafu liliugonga ukingo ule uso kwa uso, na kona ilikuwa imelika kama donge la sukari linaloshikwa menoni huku chai ikipita.

Akaking'oa, akaweka kingine, safari hii akapima. Temirkhan ndiye aliyemshikia taa. Moto ulipowashwa tena, uliwaka ukadumu hadi Kuanysh mwenyewe alipoamuru uzimwe.

Kwenye chai Raushan akainua buli, akamtilia Temirkhan mafunda mawili tu. Mzee akachungulia kikombe.

"Dada, umeishiwa chai?"

"Ipo tele, kaka. Leo huendi popote."

Kile kigae kilicholika kona alikiweka juu ya meza yake ya kazi, mahali ambapo kila mgeni angekiona, na aliyeuliza kina kazi gani pale alijibiwa bila kufichwa: kikulacho ki nguoni mwako.