Zamu ya Neno

Isome hii ukiwa umetulia, kisha mpelekee yule ndugu yako anayeongeza kiwanja juu ya kiwanja na hajui jina la jirani hata mmoja. Mimi niliipokea hivi, nami naipitisha hivi.

Mtemi Lugata alikuwa na mchezo aliourithi kwa baba yake. Sakafu ya baraza lake ilichorwa miraba kwa majivu, na kila mraba ulikuwa kipande cha nchi: huu una maji, huu una chumvi, huu ni mawe matupu. Wachezaji walipewa kunde za rangi tofauti, hizo ndizo watu wao. Zamu yako ikifika ulikuwa na ruhusa ya jambo moja tu: kuhamisha watu, kulima, kujenga, au kutuma neno kwa mwenzako. Ukishafanya moja unakaa kimya, unamngoja mwenzako naye acheze.

Nkwabi, mtoto wa kwanza wa Mtemi, hakuwa na mpinzani katika mchezo ule. Wenzake wakiwa bado wanaulizana nani apewe mraba wa chumvi, yeye alikuwa ameshatandaza kunde zake hadi ukutani. Tangu alipoanza kucheza hakuwahi kutuma neno kwa mtu.

"Zamu ya neno ni zamu iliyopotea," alizoea kusema, na watu wa baraza walicheka, kwa sababu kweli alikuwa anashinda. Mtemi peke yake hakucheka. Aliokota kunde zake zilizoshindwa na kuzirudisha kibuyuni.

Ikafika miaka nchi ya Mtemi ikajaa. Mashamba yakagusana, ndugu wa tumbo moja wakaanza kutoleana mapanga kwa ajili ya tuta la mpaka. Mtemi akamwita Nkwabi.

"Ng'ambo ya milima kuna bonde la Isimbi," alimwambia. "Chukua watu uende ukalikalie. Kila msimu fanya jambo kubwa moja, kama unavyocheza hapa, maana mikono mtakuwa nayo michache."

"Nikimaliza, baba?"

"Nitakuja kutazama. Nikikuta nchi, kiti changu ni chako. Nikikuta majumba tu, atakikalia dada yako Kabula."

Nkwabi aliona kiti kile kama ameshakikalia. Aliwachagua watu wake mwenyewe, vijana wenye vifua na wake zao, wote wa ukoo wa Mtemi. Wazee aliwaacha. Siku ya kuondoka Mtemi alipita katikati ya mizigo akiwatazama mmoja mmoja, kisha akauliza kwa nini haoni hata nyumba moja ya Wafinyanzi.

Wafinyanzi, kama hujui, walikuwa watani wa ukoo wa Mtemi. Walimwita majina ambayo mtu mwingine angeyatamka angekiona cha mtema kuni. Walijikamatia kuku wake mchana kweupe, naye hakuwa na la kusema. Lakini siku ya msiba ndio waliofika wa kwanza na majembe begani, kwa sababu katika desturi yao mfiwa hachimbi kaburi la mtu wake. Ni mwiko. Kaburi huchimbwa na mtani, na matanga huongozwa na mtani.

"Wale wana maneno mengi na kazi kidogo," Nkwabi alijibu. "Watanichelewesha."

"Nani atawazika?"

"Hatuendi kufa, baba. Tunaenda kujenga."

"Basi shika hili moja," Mtemi akasema. "Ukitukanwa huko, cheka kwanza."

Nkwabi aliitikia kama watoto wanavyoitikia wosia wa njiani, huku macho yakiwa mlimani.

Msimu wa kwanza alijenga kwenye chemchemi. Msimu wa pili akaanzisha kijiji kingine njia panda, watu wakagawanyika nusu kwa nusu. Msimu wa tatu akapeleka wengine kwenye mbuga ya chumvi. Kazi ilikuwa nzito na watu walikonda, ila aliwatangulia kwa kila jembe na kila boriti, na hilo lazima tumpe. Mungu naye aliwahurumia: misimu yote ile hawakuzika mtu.

Mkewe, Minza, ndiye aliyeuona moshi kwanza, kabla ya safari ya chumvi. Ulikuwa ukipanda kila asubuhi ng'ambo ya mto.

"Kuna watu kule," alisema. "Msimu huu usijenge, mume wangu. Tuwatumie neno, tujue ni akina nani."

"Niache chumvi ichukuliwe na mwingine nikiwa kwenye salamu?" Nkwabi alisema. "Zamu ya neno ni zamu iliyopotea."

Basi wale wa ng'ambo wakaja wenyewe.

Walivuka mto asubuhi moja, wanaume kwa wanawake, mbele yao mzee mnene aliyetembea kama mwenye mji. Jina lake Mgalula. Hawakupiga hodi. Mgalula alisimama katikati ya uwanja, akazungusha macho, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi jikoni:

"Haya mabanda ya kuku mmejengewa na nani?"

Akamgeukia Nkwabi.

"Na wewe mtumwa wangu, mbona umenuna? Mbona hujaniletea maji? Tangu lini mtumwa anamtazama bwana wake hivyo?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mmoja akamkamata beberu wa Nkwabi, akamchinja palepale, wengine wakachochea moto. Minza alikuwa mlangoni, uso wake umeanza kulegea kama mtu anayetaka kukumbuka kitu. Nkwabi hakumwangalia. Damu ilikuwa imemchemka. Mtoto wa Mtemi kuitwa mtumwa, mbele ya watu wake, uwanjani kwake, na mbuzi wake anachunwa!

"Wapigeni," alisema.

Vijana wake hawakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Wageni hawakurudisha hata kofi moja. Mgalula alianguka, akainuka na damu mdomoni, jino la mbele limetoka. Alimtazama Nkwabi, na mzaha wote ukawa umemtoka usoni. Kilichobaki ni huzuni.

"Haya," alisema taratibu. "Tumekuelewa."

Wakavuka mto wakarudi kwao. Hawakuja tena. Nkwabi akainua matuta ya mpaka hadi ukingoni mwa maji, na usiku alilala vizuri. Alijiambia kwamba jirani anayeogopa ndiye jirani mwema.

Mtemi alikuja msimu uliofuata. Alikuwa amezeeka sana na kifua kinamsumbua, akibebwa kwenye machela na wajukuu zake. Watu walimngoja upande wa mlimani, yeye akatokea upande wa mto. Nkwabi akadhani wabebaji wamepotea njia. Alipowauliza, walitazama chini.

Alimzungusha baba yake vijiji vyote vitatu. Alimwonyesha maghala, chumvi iliyopangwa kwenye vikapu, matuta ya mpaka yaliyonyooka. Mtemi alitazama kila kitu kwa subira.

"Na majirani?" aliuliza.

"Wametulia. Walikuja mara moja, wakanitukana, wakachinja mbuzi wangu. Nikawafukuza."

"Ulicheka kwanza?"

"Ningechekaje, baba? Waliniita mtumwa."

Mtemi akafumba macho. Walidhani amelala, kumbe alikuwa anatafuta pumzi.

"Umejenga majumba mazuri," alisema mwishowe.

Nkwabi alilitambua neno hilo. Majumba. Alitaka kujitetea, lakini mzee alishikwa na kikohozi na maneno yakaishia pale.

Hakuinuka tena kitandani. Kifua kilimbana siku chache, na asubuhi ya mwisho alimwita mwanawe, akamshika kifundo cha mkono kwa vidole vilivyokuwa baridi tayari.

"Mimi nimeshacheza," alisema. "Zamu yako."

Akakata roho.

Kilio kilipopoa, jambo moja likabaki limesimama mbele yao na hakuna aliyetaka kulitaja. Jua lilikuwa linapanda. Kila mtu alitazama majembe yaliyoegemezwa ukutani, kisha akatazama pembeni. Aliyezaliwa katika ukoo alihesabiwa mtoto au mjukuu wa marehemu, na aliyeolewa alikuwa mkwe wake. Vijiji vitatu, na ndani yake hapakuwa na mkono mmoja usio wa mfiwa.

"Tuwaite Wafinyanzi," kijana mmoja alisema.

"Fimbo ya mbali haiui nyoka," Minza alimjibu. "Mpaka wafike, tutakuwa tumemwaibisha Mtemi." Akamgeukia mumewe. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo lilimuuma Nkwabi zaidi. "Unajua pa kwenda."

Alijua. Alivua viatu, akaacha mkuki, akashuka mtoni peke yake. Aliyavuka matuta yake mwenyewe kwa shida, kwa sababu alikuwa ameyainua vizuri. Njia nzima aliogopa. Hakuogopa kuuawa, maana hilo angeliona ni haki. Aliogopa kukataliwa, arudi mikono mitupu, baba yake aoze ndani ya majumba mazuri.

Watu wa ng'ambo waliacha kulima walipomwona. Mgalula alitoka nyumbani kwake akasimama mlangoni. Nkwabi alipiga magoti kwenye vumbi.

"Baba yangu amefariki," alisema. "Hatuna mtu wa kushika jembe."

Mgalula alimtazama kwa muda mrefu, kisha akafungua mdomo, na pengo likaonekana.

"Umeniletea jino langu, mtumwa wangu?"

Ndipo Nkwabi alipoelewa. Aliisikia ile "mtumwa wangu" kama alivyozoea kuisikia ikitoka vinywani mwa Wafinyanzi, utotoni, mlangoni kwa baba yake. Hapakuwa na tusi ndani yake. Ulikuwa mlango, nao uliwahi kufunguliwa uwanjani kwake, naye akaupiga teke. Akakumbuka wosia wa njiani. Akajaribu kucheka, kicheko kikatoka pamoja na machozi, na hakuweza kuvitenganisha.

"Nililimeza," alijibu. "Lilikuwa bovu hata hivyo."

Kijiji kizima kikacheka. Mgalula akaingia ndani, akatoka na jembe.

Walimzika Mtemi Lugata siku hiyohiyo, na walimzika kama mtu mwenye watu. Mgalula alivaa joho la marehemu akaiga kikohozi chake mpaka wafiwa wakashika mbavu huku wanalia. Aligoma kuchimba mpaka apewe pombe. Alisimama kwenye ukingo wa kaburi akamsuta maiti: "Mzee bahili wewe! Umekuja kufia ugenini ili usiwalishe watu wa kwako!" Wanawake wa ng'ambo waliteka maji, wakapika, wakawakataza wafiwa kugusa hata kijiko.

Udongo uliposawazishwa, Mgalula alinawa mikono akaketi karibu na Nkwabi.

"Sasa nasema bila utani," alianza. "Babu zetu na babu zenu walipigana hapa mpaka wakachoka. Wakala yamini kwamba tangu siku ile watapigana kwa maneno tu, na watazikana. Kisha nyinyi mkahama. Tulipouona moshi wenu tulifurahi. Tukasema, watani wetu wamerudi."

Nkwabi aliinamisha kichwa.

"Baba yako alilala kwangu kabla ya kufika kwako," Mgalula aliendelea. "Alisikia tulivyopigwa, akatuomba radhi. Mtemi mzima, alipiga magoti pale ulipopiga wewe. Alisema kifua chake hakimpi muda, na kwamba amechagua kufia kwako na si kwake. Akasema: 'Mwanangu hatawatafuta kwa raha. Atawatafuta kwa shida. Siku hiyo msimfungie.' Wabebaji wake akawalisha kiapo wasiseme."

Nkwabi akaligeukia kaburi. Baba yake alikuwa amebakiwa na zamu moja duniani, na aliitumia kutuma neno.

Siku matanga yalipoanuliwa, alimtuma mjumbe kwa dada yake nyumbani: "Baba alikuta majumba. Kiti ni chako." Kabula alikalia kiti, na wanaomkumbuka wanasema alitawala vizuri. Nkwabi alibaki Isimbi. Wafinyanzi wachache walimfuata huko, akawapa uwanja wa karibu na wake.

Msimu mpya ulipoingia, watu walimuuliza safari hii wanajenga nini. Alisema hawajengi. Aliwachukua wakayasawazisha matuta ya mtoni, kisha wakavuka. Hakupiga hodi. Alisimama katikati ya uwanja wa Mgalula, akauliza kwa sauti haya mabanda ya kuku yamejengwa na nani, akamkamata beberu mnene kuliko wote, akamfunga kamba, akaanza kuondoka naye.

Mgalula alitoka mbio akipiga yowe la mwizi, na furaha ilikuwa imemjaa usoni.

Funzo: Ardhi unaweza kuitwaa peke yako, lakini hakuna anayejizika. Mtumie jirani yako neno mapema, na akitangulia yeye kukutania, cheka kwanza.