Abebwaye Ndiye Aongozaye

“Abebwaye ndiye aongozaye.”

Bibi Subilaga alisema hivyo bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua. Mjukuu wake Lusekelo na mkewe Enesi walikuwa wamekuja Tukuyu kumwonyesha kitoto chao, na tangu chakula cha mchana walikuwa wakibishana juu ya likizo yao ya kwenda Uturuki. Lusekelo alitaka waione misikiti, makumbusho, soko kuu na bahari, yote ndani ya wiki moja. Enesi alikuwa akinyonyesha, na kila mara aliuliza neno moja tu: mtoto atalala saa ngapi?

“Bibi, hiyo methali sijawahi kuisikia,” Lusekelo akasema. “Anayebebwa atamwongozaje anayembeba?”

“Hujaisikia kwa sababu umekulia mjini. Huku kwetu inajulikana, na mwanzo wake naujua, maana ulitokea nyumbani kwetu. Ulikuwa hivi.”

Zamani kidogo, treni ya kwenda Zambia ikiwa bado inanukia rangi mpya, kaka yake Bibi Subilaga aitwaye Ambakisye alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Mkewe aliitwa Tulinagwe. Tulinagwe alisoma shule ya bweni ya misheni, na jikoni mwa shule hiyo mlitundikwa kalenda yenye picha ya maporomoko makubwa ya Mto Zambezi, yale ambayo wenyeji huyaita moshi ungurumao. Mwaka wa kalenda ulikuwa umepita zamani, lakini mpishi hakuibandua kwa ajili ya ule uzuri wake. Kila alipokwenda kuchukua uji Tulinagwe aliitazama picha ile, na alipomaliza shule aliondoka nayo moyoni.

Ambakisye alipomchumbia, alimwambia, “Nikikuoa nitakupeleka ukayaone.” Vijana wengi husema maneno ya namna hiyo, kisha ndoa ikishafungwa huyasahau. Ambakisye hakusahau. Ila likizo zilikuwa adimu kiwandani, na ile aliyokuwa akiingoja ilipokubaliwa, tayari walikuwa na mtoto wa kiume, Gwamaka, ambaye hata kukaa mwenyewe hajajua.

Mama mkwe wa Tulinagwe hakupendezwa. “Mnavuka mpaka na mtoto wa mgongoni kwenda kutazama maji?” aliuliza. “Mvua ya Tukuyu haiwatoshi?”

“Mama, nikimsubiri huyu akue, atakuja mwingine,” Tulinagwe akajibu kwa upole. “Na huyo naye nitamsubiri.”

Kesho yake mama mkwe alileta unga wa ulezi aliousaga mwenyewe, laini kama poda.

Basi wakaanza kupanga. Ambakisye alikuwa mtu wa mitambo, alipenda kila kitu kiingie mahali pake. Alijua treni itafika wapi na lini, basi la kwenda Livingstone, mji ulio karibu na maporomoko, wataliunganishia wapi, na chumba cha kulala alikwishawekewa na rafiki wa rafiki yake. Jioni walikaa na kuisafiri safari hiyo kwa mdomo, kituo baada ya kituo. Baadaye Tulinagwe alikuwa akisema kwamba zile jioni za kupanga zilikuwa na utamu wake peke yake. Ukungu ulikuwa ukishuka kutoka mlimani, chai iko mezani, mtoto amelala kifuani kwa baba yake, na wao wako Zambia bila kutoka kitini.

Ila mizigo! Ambakisye alifunga suruali mbili na shati la Jumapili. Gwamaka alikuwa na nepi za kitambaa, mablanketi, kofia, chandarua, unga wa uji, chupa ya chai ya kuwekea maji ya moto, na beseni la kuogea ambalo mama yake hakukubali kuliacha.

“Huyu mtu ni mfupi kuliko mkono wangu,” Ambakisye akasema, “na mizigo yake inatushinda sisi wawili.”

Bibi Subilaga, wakati huo msichana, aliwasindikiza hadi stesheni ya Mbeya. Alimwona wifi yake dirishani, mtoto mbelekoni, kilemba kipya kichwani, uso unang’aa. Hajawahi kuusahau uso ule.

Walivuka mpaka salama. Tulinagwe alikaa dirishani akiitazama nchi ya watu, miti yake na nyumba zake. Ndipo Gwamaka akaanza kulia. Kilio chake hakikuwa cha njaa, maana alipopewa ziwa alilikataa. Hakikuwa cha usingizi pia. Alijivuta sikio, akajikunja, akalia tena, na mwili wake ukapata moto. Abiria walipokezana kumbeba, mmoja akampigia mluzi, mwingine akamtikisia funguo. Haikusaidia.

Mbele yao alikaa mama mmoja wa Kibemba, kabila la huko Zambia, jina lake BanaChanda, yaani Mama Chanda, aliyekuwa akifanya biashara ya vitambaa mpakani na akijua Kiswahili. Alimgusa mtoto shingoni, akasema, “Kituo kinachokuja ni Kasama. Mimi nashuka hapo. Hospitali haiko mbali na kwangu. Shukeni nami.”

Ambakisye akamtazama mkewe. “Mama Gwamaka, asubuhi tutakuwa Kapiri, mwisho wa reli. Huko pia kuna hospitali.”

“Na kabla ya asubuhi?”

“Tukishuka hapa, basi letu halitatungoja. Chumba kitapewa wengine. Unajua likizo hii nimeipataje.”

“Najua, Baba Gwamaka. Hakuna aliyeitamani kuliko mimi.”

BanaChanda alikuwa akifunga mafurushi yake ya vitambaa. Akasema bila kuinua sauti, “Baba, mimi wangu mmoja nilimzika kwa sababu ya kungoja asubuhi.”

Ambakisye alisimama, akaushika ukingo wa sehemu ya mizigo, akashusha beseni.

Treni ilipoondoka na kuwaacha pale, Tulinagwe alilia. Alimlilia mtoto, naam, lakini aliyalilia na maporomoko, na aliona haya kwamba machozi yake yalikuwa ya vitu viwili.

Hospitali tabibu aliangalia, akakuta sikio limeoza kwa ndani. Aliwaambia kwamba wangechelewa, usaha ungeweza kupanda kichwani. Mtoto alianza kuchomwa sindano, na safari ikakatazwa mpaka apone. Wakakaa kwa BanaChanda, katika nyumba yake ya matofali yenye baraza fupi, wakila ugali wake na dagaa wake. Wala hakutaka kusikia habari ya shukrani.

Homa ikashuka, lakini Gwamaka alikuwa amedeka. Hakukubali kulala ndani wala kwenye mikono ya baba yake. Alitaka mgongo wa mama yake, na mgongo wenyewe uwe unatembea. Kwa hiyo kila alasiri Tulinagwe alimfunga mbelekoni, akatoka naye barabarani akimwimbia. Mtoto akitaka kushoto, alinyoosha mkono na kulalamika mpaka waende kushoto.

Alasiri moja mkono ulionyesha upande wa machimbo ya mchanga, mahali ambapo Tulinagwe hakuwa na sababu ya kwenda. Akaenda, kwa kuepuka kilio. Alikuwa akiimba wimbo wa kubembeleza wa Kinyakyusa, ule ambao mama zetu wote waliuimba. Mbele ya kibanda kimoja mzee alikuwa akisuka kikapu. Mikono yake ikasimama.

“Ugonile,” mzee akasema. Hiyo ndiyo salamu ya kwetu. Aliitamka polepole, kama mtu anayejaribu ufunguo wa zamani kwenye kufuli.

Tulinagwe akapiga goti palepale mchangani na kuitikia. Mzee akafunika uso kwa viganja, akalia.

Aliitwa Anyosisye, mtu wa Mwakaleli, si mbali na Tukuyu. Aliondoka kwao akiwa kijana, akafuata kazi ya migodi ya shaba pamoja na wenzake. Wenzake wengine walirudi, wengine walifia huko. Yeye alioa Kasama, mkewe akafariki bila kumwachia mtoto. Tangu aondoke migodini hakuwa amesikia lugha ya mama yake ikisemwa.

Ambakisye alipoletwa kumsalimu, akamuuliza swali ambalo mtu yeyote angeuliza. “Baba, kwa nini hukurudi? Sasa kuna treni.”

“Mwanangu, mtu akitoka migodini hurudi kwao na sanduku,” mzee akasema. “Hurudi na baiskeli, na kanga za dada zake. Nirudi nimeshika nini? Watoto waniulize, huyu mzee mikono mitupu ni nani?”

Wakaaga, wakaondoka.

Mtoto akapona. Tabibu akawaruhusu. Siku zilizosalia za likizo zilitosha kufika Livingstone, kuyatazama maporomoko na kurudi kwa mbio. Ambakisye alikwenda stesheni kuulizia treni, akarudi na habari njema. Akamkuta mkewe barazani, kanga zimekunjwa, hajafunga kitu.

“Baba Gwamaka,” akasema, “siku hizi zinatosha kwenda mahali pamoja tu.”

Ambakisye alielewa. “Una hakika? Ni wewe uliyeyataka maji yale tangu utotoni.”

“Nayataka hata sasa. Lakini yale maji hayazeeki.”

Walikwenda wote kwenye kile kibanda. Mzee Anyosisye alikataa kabla hawajamaliza kusema kwamba wangemrudisha kwao. Akarudia yaleyale ya sanduku na mikono mitupu. Tulinagwe akafungua mbeleko, akamshusha Gwamaka, akamweka mikononi mwa mzee.

“Baba, sisi tuna mizigo mingi kuliko mikono,” akasema. “Beseni, chandarua, mablanketi, yote ya huyu bwana mdogo. Tunahitaji mtu wa kutubebea mtoto mpaka nyumbani. Hutarudi mikono mitupu.”

Mzee akamtazama mtoto. Gwamaka, aliyekuwa hakubali hata mikono ya baba yake, akashika ndevu za mzee, akazivuta, akatulia.

Siku zile zilizobaki Ambakisye alizimaliza kwenye ofisi, akimtafutia mzee kibali cha kuvuka mpaka. Kilipopatikana walipanda treni ya kurudi. Njia nzima mzee hakumtua mtoto ila wakati wa kunyonya.

Walipofika Mwakaleli, mvua nyembamba ilikuwa ikinyesha juu ya migomba. Mzee alitembea mbele, mtoto kifuani, wengine nyuma na mizigo. Katika nyumba moja dada yake Tupokigwe, bibi mwenye mgongo uliopinda, alikuwa akianika kuni chini ya paa. Aliwatazama wageni wakikaribia, akasogea, akatazama tena. Kuni zikamponyoka.

“Anyosisye?”

“Ni mimi.”

“Tulikwisha kukulilia! Tulikwisha kuweka matanga!” Alimshika uso kwa mikono miwili iliyojaa vumbi la magome. “Wewe uliyepotea hivyo, nani amekuonyesha njia?”

Mzee akainua mtoto kidogo.

Tupokigwe akamtazama yule mtoto mwenye kofia ya sufu, ambaye wakati huo alikuwa akipiga miayo. Akacheka huku machozi yakimtiririka. “Ala! Kumbe abebwaye ndiye aongozaye!”

Vigelegele vikapigwa, majirani wakaja, na kila aliyefika alisimuliwa na kuambiwa maneno yale. Wanawake wakayachukua hadi sokoni, na kutoka sokoni yakaenda kila mahali. Mzee Anyosisye aliishi na dada yake miaka mingi, akisuka vikapu, na kuzikwa kwao.

Bibi Subilaga aliyasukuma maharage pembeni. Enesi akauliza, “Na Mama Tulinagwe, aliyaona maporomoko?”

“Hapana. Nilimuuliza akiwa mzee kama mimi sasa, kama anajuta. Akasema, ‘Wifi, natamani kuyaona hadi leo. Lakini nikirudishwa ndani ya treni ile, nitashuka Kasama.’”

Mtoto alikuwa amemaliza kunyonya na kulala. Lusekelo alimchukua taratibu kutoka mikononi mwa mkewe, akakaa naye.

“Enesi,” akasema kwa sauti ya chini, “tuchague mahali pamoja tu huko Uturuki. Mengine tutayajua tukifika. Abebwaye ndiye aongozaye.”