Sababu ya Kufuta

Bwana Mavura aliuza maji ya bomba kwenye chupa zenye picha ya chemchemi. Siku kamusi elezo ya mtandaoni, ambayo yeyote anaweza kuihariri, ilipoyaanika hayo, alimwita Sikudhani, afisa uhusiano wake.

"Futa aya hiyo leo hii, au ubebe virago vyako."

"Nitafuta, bosi. Ila kule, anayehariri habari za mwajiri wake hujitaja wazi, na humtaja pia aliyemtuma."

"Nitaje! Nimwogope nani?"

"Na wakiuliza sababu ya kufuta?"

"Sema ukweli. Mimi uongo siujui."

Sikudhani akaandika, akamwonyesha aya imefutika. Bosi akamwagizia soda.

Kesho yake aya ilikuwa imerudi, ndefu maradufu, na waandishi wa habari wamejaa getini.

"Uliandika sababu gani wewe?" Mavura alifoka.

"Ukweli, bosi. Kwamba mimi ni mfanyakazi wako, na umeniagiza niifute kwa sababu ni ya kweli na inakuharibia biashara."

"Huna kazi!"

"Sawa, bosi," alisema Sikudhani, akifungua kompyuta. "Na hilo nalo niliandikie sababu yake?"

Bwana Mavura akamwagizia soda ya pili.