Nadhiri Niliyoiweka Kwenye Kimbunga

Sogeeni karibu, ila leo asiniitikie mtu "hadithi njoo". Hii haikuja, imenivamia, na mpaka sasa sijui nitaitoaje nyumbani kwangu. Mtakaa, mtasikiliza, kisha mtanijibu. Na wewe Makwega huko nyuma, zima hiyo simu.

Mimi ni Hadia Mnali, mkaanga vitumbua wa hapa Nangwale, mnanijua. Nina nyumba ndogo kule kilimani, chumba na baraza, niliyomjengea binti yangu Zamda ili siku akiolewa awe na pake. Nyumba hiyo nimeiwekea nadhiri. Nani alinituma kufungua mdomo sijui! Sasa watu watatu wanaidai, na kila mmoja ana haki yake.

Wa kwanza ni Tabia Lipei, mpima hali ya hewa. Yeye kazi yake ni kufuatilia pepo za baharini, zinazaliwa wapi na zinaelekea wapi. Wa pili ni Nachundu, mwalimu wa jiografia. Kila Jumamosi utamkuta matopeni, anazamisha bomba na kulivuta, anatafuta mchanga ambao bahari iliumwaga zamani, ajue maji yalifika wapi. Wa tatu ni Somoe Chitanda, mtani wetu. Huyo nitamweleza, subirini.

Wote watatu wanasoma kitu kimoja: Upepo wa Bibi Kalembo. Kwa wageni, zamani babu yangu akiwa kijana, kimbunga kiliingia hapa na bahari ikaja nyuma yake, ikaufagia mji. Kikapewa jina la mama yake babu. Upepo ulipotulia, Bibi Kalembo alidhani umekwisha, akatoka kwenda kutafuta chungu chake. Kumbe ile ilikuwa katikati ya kimbunga. Upepo ukageuka, ukarudi kutoka upande wa pili, na maji nayo yakaja. Chungu kilipatikana. Yeye hakupatikana.

Sasa Somoe. Kila mwaka tukiwasomea hitima waliozama siku ile, watani huigiza vifo vyao. Ndiyo mila yetu, na mtani haambiwi nyamaza. Lakini Somoe haigizi ovyo. Amezunguka nyumba kwa nyumba akiwahoji wazee: marehemu alivaa nini, alisema nini, alielekea wapi. Huyo naye ni msomi, na msinibishie.

Basi, mwaka huu kikaja kingine.

Tabia ndiye aliyekiona. Sisi tulikuwa tunajidanganya kwamba vimbunga havifiki huku, vyote vinakatia kusini. Yeye akasema cha Kalembo hakikukata kona, na hiki kinapita njia ileile. Akaja na pikipiki jua linawaka, mbingu nyeupe, anagonga milango.

"Bi Hadia, hama leo."

"Tabia mwanangu, unga wangu umeshaumuka. Vitumbua nani atakula?"

"Samaki. Na wewe watakula."

Nilikasirika! Lakini nikamshika Zamda mkono, tukatoka. Asingekuja, tungekutwa jikoni.

Tukashika njia ya shule, kwa sababu tangazo lilisema watu wote wakusanyike shuleni. Njia panda tukamkuta Nachundu katanua mikono kama anazuia mbuzi. Mvua imeshaanza, upepo wa kusini unatuvua kanga.

"Shuleni hapana! Nimechimba uwanja ule. Chini kuna mchanga wa bahari. Maji ya Kalembo yaliipita shule! Pandeni kilimani!"

"Mwalimu tupishe, watoto wanalowa!"

Walimtukana matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu. Akalala chini, katikati ya njia, na shati lake la kufundishia. Basi, nani atamkanyaga mwalimu wa mtoto wake? Tukapanda kilimani tukinung'unika, tukajazana kwenye ile nyumba ya Zamda. Jioni yake shule ilikuwa imebaki msingi tu.

Humo ndani, mabati yanalia, nimemkumbatia mwanangu, ndipo nilipopayuka: "Ewe Mola, Zamda akitoka humu hai, nyumba hii nampa aliyemwokoa!" Shehe Mtopa alikuwa amebanwa ubavuni kwangu. Kasikia vizuri sana, na tangu siku hiyo hajasahau hata neno.

Mara upepo ukakatika. Kimya, jua likatoka, hata ndege tukamsikia. Na sisi sote tuliokulia kwenye habari za Bibi Kalembo tukaanza kutafuta viatu vyetu! Zamda akaruka: "Mama, cherehani yangu iko kule chini!"

Somoe akamtangulia mlangoni. Akajitanda kanga kizee, akapinda mgongo, akaanza: "Chungu changu jamani! Nani kaona chungu changu?" Watu wakacheka kwa mazoea, halafu kicheko kikawakauka.

"Somoe, huu si wakati wa utani," Zamda akasema, akamsukuma.

Somoe akamwangusha, akamkalia. Kamkalia hasa, na mwili wake mnaujua. Zamda anamng'ata, yeye anaulizia chungu. Hajajinasua, upepo ukarudi kutoka kaskazini, mlango ukang'oka, na tulipochungulia, njia ya kushukia chini ilikuwa maji matupu.

Haya, Zamda ni mzima, alhamdulillahi. Lakini nyumba za chini zimekwenda zote, yangu na za hao watatu pia; mimi na Zamda tumejibanza kwa ndugu. Kule chini tumekatazwa kujenga tena, na huku kilimani hakuna pa kuweka hata kinu. Ndipo wakaja kwangu.

"Bila mimi angekuwa jikoni anakusaidia kukaanga," akasema Tabia.

"Bila mimi, onyo lako lingewapeleka shuleni wakafe kwa pamoja," akasema Nachundu.

"Na baada ya ninyi kumwokoa," akasema Somoe, "angeifuata cherehani. Bibi, nipe ufunguo."

Mnajifanya wajanja, mtasema wakae wote. Chumba kimoja! Nachundu ana mke na mama mkwe. Mtasema niuze wagawane. Shehe Mtopa anasema kilichowekewa nadhiri hakiuzwi, na huyo ndiye mtu anayenichosha kuliko kimbunga chenyewe. Nimemuuliza Zamda yeye angempa nani. Hanisemeshi. Amepoteza cherehani, sasa na nyumba.

Ingekuwa kugombea tu, ningevumilia. Lakini atakayekosa anahama, hana pa kukaa. Tabia ataenda kwa dada yake Masasi. Nachundu ameshaomba uhamisho. Somoe anaitwa na wanawe Tunduru. Na Tabia anasema bahari bado ina moto, kingine kitakuja tu.

Nikimpa Tabia, tutajua kinakuja, kisha tukimbilie pabaya. Nikimpa Nachundu, tutajua pa kukimbilia, ila hatutajua lini. Nikimpa Somoe, tutajua tusitoke, kama tutakuwa tumefika mahali pa kutotoka. Nimechoka jamani, nimechoka!

Ufunguo huu hapa, nimeufunga kwenye pindo la kanga tangu asubuhi. Wote watatu wako kwenye baraza ya nyumba hiyo wananisubiri, na Zamda anawamiminia chai bila kunitazama. Basi ninyi mnaokula vitumbua vyangu kila siku, nisaidieni. Ufunguo huu ungekuwa mkononi mwako, ungemkabidhi nani, na hao wawili ungewaaga vipi?