Hodi ya Kwanza kwa Shomari

Kaeni vizuri. Anayetafuna muwa akamalizie nje, maana hadithi hii ina swali mwishoni, na swali halijibiwi na mdomo uliojaa.

Palikuwa na watu watatu mjini, kila mmoja na kipawa chake. Chande, msukuma mkokoteni, alipewa mgongo. Mwanamisi, aliyekuwa mlevi akaacha, alipewa kukaa: akiketi karibu na mgonjwa haondoki, hata atapikiwe. Bi Kirembo, mwenye nyumba ya kupangisha, alipewa ulimi, nao una makali pande zote mbili.

Na palikuwa na Shomari. Huyu hakupewa kitu, au alipewa akakinywa. Miaka mingi alilala juu ya gunia kwenye baraza la duka la vitambaa, watu wakimruka kama wanavyoruka dimbwi. Njaa aliizoea. Baridi aliizoea. Kitu kimoja hakukizoea: hakuna aliyempigia hodi. Utapigaje hodi pasipo mlango? Akilewa alijipigia mwenyewe. "Hodi," husema, kisha hujibu, "Karibu, pita ndani," na kusogea kidogo ili mgeni apate nafasi kwenye gunia.

Siku moja homa ikamwangusha. Chande alikuwa anapita, akasimamisha mkokoteni na kuanza kushusha magunia ya viazi.

"We Chande, mzigo wangu unaushusha wapi?" mwenye viazi akauliza.

"Hapo chini, bosi. Viazi havifi."

Akampakia Shomari, akamsukuma mlima mzima, jua la utosi, hadi kwenye nyumba wanakotunzwa wanaoacha ulevi. Asingekuwa Chande, Shomari angezikwa na jiji.

Huko Mwanamisi akaketi. Shomari alitetemeka, akatapika, akamtukania mama yake.

"Tukana mwingine, kaka," Mwanamisi akamwambia. "Huyo keshakufa, hakusikii."

Akaomba japo funda moja. Akanyimwa. Akalia. Akanyimwa tena, na machozi akafutwa. Mpaka ikafika siku mikono ikatulia, akashika kikombe cha uji mwenyewe bila kumwaga. Asingekuwa Mwanamisi, angerudi barazani na kiu yake ileile.

Lakini kupona si kupata pa kulala. Wenye nyumba walimkataa mmoja baada ya mwingine. Bi Kirembo alipotaka kumpa chumba, wapangaji wake wakaja juu.

"Bi Kirembo, unatuletea mtu wa barazani? Atakuja na kunguni."

"Kunguni wa nyumba hii nawajua, mama Pendo, wengi wamekuja na godoro lako. Asiyemtaka Shomari afungashe. Tena akitoka arudishie mlango, nzi wasiingie."

Hakuna aliyefungasha. Shomari akapata chumba chenye kitanda, dirisha na mlango wa komeo. Asingekuwa Bi Kirembo, angepona vizuri kabisa, kisha akalale mvuani.

Mnadhani alifurahi? Kitanda hakukigusa. Alijilaza sakafuni nyuma ya mlango, sikio kwenye ubao, akingoja. Watu wa uani wakapita kimya, kila mtu na ndoo yake. Mwishowe akamwambia muuza maji kupitia dirishani, "Hiki si chumba, ni sanduku. Ijumaa hii ikiadhiniwa magharibi hakuna aliyenipigia hodi, narudi zangu barazani. Kule angalau wananiruka."

Na sote tunajua kule barazani chupa inamngoja.

Muuza maji hana siri. Wale watatu wakasikia, na Ijumaa jioni wote wakakutana mlangoni kwa Shomari, kila mmoja akishangaa mwenzake amefuata nini.

Sasa sikieni desturi ya mtaa ule. Anayepiga hodi ya kwanza kwenye makazi mapya ndiye ndugu wa mlango huo. Siku nyingine zote atapita ndani bila kungoja kujibiwa. Na mlango wa namna hiyo wote watatu waliutamani. Chande analala bandani na wasukuma wenzake, mahali ambapo hakuna anayeuliza nani kaingia, nani katoka. Mwanamisi, ndugu zake walibadilisha kufuli enzi za ulevi wake na hawajampa ufunguo mpaka leo. Bi Kirembo ana milango tele, lakini kila anapopiga hodi watu hunyamaza, wakidhani kafuata kodi.

"Nimembeba mimi," Chande akanong'ona.

"Ulibeba mgonjwa. Mtu nimemtoa mimi," Mwanamisi akajibu.

"Na huo mlango mmekuja nao nyinyi?" akauliza Bi Kirembo.

Ndani, Shomari amesimama, mkono kwenye komeo. Minong'ono anaisikia, hodi haisikii. Gunia lake ameshalikunja, liko kwapani. Jua limeshuka nyuma ya mapaa.

Msiniambie wapige wote pamoja. Sauti nyingi kwa mpigo Shomari anazijua: ni mgambo wamekuja kufukuza watu barazani, ataruka dirishani. Wala msiniambie aulizwe mwenyewe anamtaka nani. Utamuulizaje mtu mlangoni kwake kabla hujapiga hodi?

Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, amua, muadhini keshapanda. Mgongo, kukaa, au ulimi: nani aseme neno lile? Na wale wawili watakaobaki nje, waende wakaambiwe "Karibu" na nani?