Mchezo wa Mamba, Watoto Bure

Paukwa, nyinyi mliokaa.
Pakawa, nawe uliyesimama.
Nianze?
Anza, tukichoka tutalala.

Hapo kale, mvua za masika zilipokwisha, Bi Pimbi na mumewe waliwapeleka watoto wao likizo. Pimbi mnawajua: wanyama wadogo wa majabalini, wanono, hawana mkia hata wa kufukuzia nzi. Watoto walikuwa watatu, Shani, Faki na kitinda mimba Riziki, na mwaka mzima hawakuwa wameona kitu ila jabali, na nyuma ya jabali, jabali jingine. Wakashuka, tepe tepe tepe, siku mbili, mpaka ukingoni mwa mto, mahali ambapo wanyama wa pande zote hupumzika na kutazama michezo ya jukwaani.

Nafasi ilikuwa ya mchezo mmoja tu, maana kesho yake walikuwa wanarudi. Baba Shani alisema mchezo ni mchezo, wachukue wowote. Bi Pimbi akasema watoto hawatakuja tena huku mpaka mwakani, acha akatazame kwanza.

Akaenda kwa vyura, waliokuwa na kikundi cha taarabu. Akauliza, "Mchezo unaanza lini, watoto wanakaa wapi, na unaisha lini?" Vyura wakamjibu kwamba unaanza jua likizama, watoto wanakaa popote, na unaisha mwimbaji akikauka koo. Bi Pimbi akamfikiria Riziki, ambaye husinzia hata kabla jua halijazama. Akashukuru, akaenda zake.

Akaenda kwa mnana, wale ndege wa manjano, waliokuwa wakifanya sarakasi mtini. Akauliza vilevile. Mnana wakamjibu wote kwa pamoja, chwi chwi chwi, kila mmoja na jibu lake. Akashukuru, akaenda zake, masikio yanamwasha.

Akaenda kwa Mamba. Mamba alikuwa amejilaza mchangani, msafi, tabasamu lake limeanzia sikio hili hata sikio lile.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Watoto bure."

Akauliza vilevile.

"Unaanza watoto wakishakaa," akasema Mamba. "Wanakaa mbele, hapa hapa, karibu na maji. Na mchezo wangu hauishi. Watoto wakiingia hawataki kutoka."

Bi Pimbi akaona kikapu mchangani, kimefunikwa kitambaa, chakula hakijaguswa. Akauliza ni cha nani. Mamba akasema ni cha familia ya digidigi waliokuja jana. Walifurahi mno, akasema, mpaka wakasahau kikapu.

Moyo wa Bi Pimbi ukapiga, pu, pu, pu. Akageuka aondoke. Kumbe Baba Shani huyo, anashuka mchangani na watoto watatu, mzigo wao wa safari begani. Neno bure alikuwa amelisikia tangu kule juu. Akawakalisha mbele kabisa, akawakunja miguu vizuri wasije wakamkera msanii.

Mamba akameza mate, kwabu.

Bi Pimbi alijua kwamba akipiga kelele, taya zitawahi kuliko kelele. Basi hakupiga. Alisogea sikioni mwa Mamba, akasema polepole:

"Babu, msanii kama wewe unaanza mchezo kwa watazamaji watatu? Huko juu wapo watoto arobaini. Wazazi wao wanatamani kuja, wanachoogopa ni mdomo tu. Kubali niufunge kidogo, nitakuletea wote. Safu ya mbele ikijaa watoto, nakufungua kwa mikono yangu."

Mamba akawatazama wale watatu. Akawafikiria arobaini. Akawatazama tena watatu, akawaona wamepungua.

"Safu nzima?"

"Nzima, babu."

Akafumba mdomo mwenyewe. Sasa, wanaosema Mamba ana nguvu za taya hawasemi uongo, lakini nguvu hizo ni za kufumba. Za kufumbua hana. Bi Pimbi akafungua ukili uliofunga mzigo wao, akauzungusha mara moja, mara mbili, mara tatu, akakaza: kri, kri, kri.

Angeweza kuwachukua wanawe wakaenda zao. Lakini watoto walikuwa wameshakaa, na likizo ni moja kwa mwaka. Akapanda juu, akawaita watu.

Wakaja watoto wa swala, watoto wa ngedere, watoto wa kanga. Bi Pimbi akawapanga mbali na mkia. Mamba akawa anawahesabu kwa macho, mate yanamtoka pembeni. Akataka kusema, ikatoka "Mmm." Watoto wakajibu "Mmm." Akapiga mkia chini, pwaa. Watoto wakapiga makofi, pa pa pa. Machozi yakamtoka kwa njaa, na mama mmoja wa kanga akalia naye, akasema hajapata kuona mtu anayeigiza huzuni namna ile.

Mwishowe Mamba akamgeuzia Bi Pimbi jicho, kumkumbusha ahadi. Bi Pimbi alikuwa amekaa palepale mbele, kati ya wanawe.

"Safu haijajaa watoto, babu," akamwambia kwa adabu. "Hapa nimekaa mimi, na mimi si mtoto."

Mamba akajivuta, akajitupa majini, chubwi. Watazamaji wakasimama wote, wakashangilia. Walipokuwa wakitawanyika, Bi Pimbi alimfuata kila mama, akamwonyesha kile kikapu na kumweleza. Kesho yake ufuko ulikuwa mtupu. Ukili uliozea mdomoni siku ya tisa, na Mamba alipoweza kufumbua kinywa, likizo ilikuwa imekwisha na wenyewe wamerudi kwao.

Njiani Bi Pimbi alimweleza mumewe kila kitu. Baba Shani akamwambia ana dhana mbaya, tena kwa mzee wa watu aliyewaburudisha bila kiingilio. Walipofika majabalini aliwasimulia majirani jinsi alivyochagua mchezo bora kuliko yote kwa kutupa jicho mara moja tu. Majirani wakamwomba mwakani awachagulie na wao. Bi Pimbi alisikia. Alikuwa anakung'uta mchanga masikioni mwa Riziki, na moyoni ameshaanza kusuka ukili mwingine, mrefu zaidi.

Hadithi yangu imefika hapo, imekaa chini, imenyoosha miguu. Mwenye kuitaka aichukue, asiyeitaka airuke.

Na funzo lake, wanangu: mkienda likizo, mchezo achague baba. Na mkiambiwa watoto bure, wahini viti vya mbele.